Swichi ya Upande wa Abiria

Gari lilichemsha kwa mara ya kwanza wiki chache baada ya mazishi, kwenye mlima ule ule lililokuwa likiupanda miaka yote bila kukohoa. Mzee Jenuini akateremka, akafungua boneti, mvuke ukamvaa usoni. Feni ya rejeta ilikuwa imetulia tuli, haina habari. Jina hilo la Jenuini alipewa na majirani, na alilistahili. Kifaa kisicho cha kiwandani hakikuingia kwenye gari lake, na fundi wa barabarani akilisogelea tu, mzee alikunja uso kama anayeibiwa. Siku ile alisubiri lipoe, akaongeza maji, akageuza, akarudi nyumbani.

Ng'ambo ya mlima aliishi binti yake, mtoto wake wa pekee. Cherehani ya marehemu mama yake, ile nzito ya kukanyaga kwa miguu, sasa ilikuwa ya binti, na baba ndiye aliyeahidi kuipeleka. Alijaribu tena. Likachemsha tena, pale pale. Jioni binti akapiga simu.

"Baba, sema tu kama hutaki kuja."

"Nani kasema sitaki? Gari bovu."

"Mama alipokuwepo lilikuwa linafika kila mwezi. Leo ndiyo limekuwa bovu? Jumapili nitapika. Usipokuja, sitakuita tena."

Hakuwa na kisirani huyo binti, alikuwa ameumia tu. Baba yake alilijua hilo, na moyo ulimuuma, maana hakuna alichokitamani zaidi ya kukaa siku moja kwenye nyumba yenye mtu wa kumuuliza ameamkaje. Yake ilikuwa imegeuka kubwa ghafla. Siku hizi aliacha redio ikiongea chumba cha pili ili apate wa kumgombeza kwa kelele.

Basi akaliingilia gari. Fyuzi akaikuta nzima. Akachomoa soketi ya feni, akaiunga mota na betri kwa vipande viwili vya waya, ikazunguka kwa nguvu hadi ikamrusha kofia. Kumbe mota haina kosa. Akanunua rilei mpya ya kuwashia feni, ya kiwandani bila shaka, akaifunga. Akabadilisha na kihisi joto. Akawasha injini, akakimbilia mbele kutazama feni, akarudi ndani kutazama mshale wa joto, akakimbilia mbele tena. Hiyo ni kazi ya watu wawili, jamani, mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye boneti. Zamani mkewe ndiye aliyekuwa akikaa ndani, akimtangazia mshale ulipofika kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Sasa mshale ukapanda wenyewe kimya kimya mpaka kwenye nyekundu, na feni haikutikisika. Mzee akazima injini, akaketi chini kando ya tairi. Alikuwa amechoka, na alikuwa peke yake, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimlemea zaidi.

Jumamosi akameza kiburi, akaenda kwa fundi umeme wa pembeni ya barabara, ambaye miaka yote alimpita bila salamu ya maana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Feni haiwaki, na rilei na kihisi nimeweka vipya. Usiniungeunge waya humu, nitafutie kosa tu."

Fundi hakugusa hata boneti. Alizunguka hadi mlango wa abiria, akaufungua, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya dashibodi. Kukasikika mlio mdogo, na mbele feni ikaanza kuvuma.

Mzee akaduwaa. "Umefanya nini?"

"Nimewasha swichi."

"Gari langu halina swichi ya feni."

"Linayo, mzee wangu. Niliiweka mimi." Fundi alijifuta mikono taratibu, kama mtu asiyejua aendelee au aishie hapo. "Ulikuwa umelazwa, ule mguu wako. Kihisi kilikufa, mama akaniita nyumbani. Cha kiwandani wakati ule kilikuwa cha kuagizwa, na akasema cha kuiga utakitupa. Basi nikaiunga feni moja kwa moja na betri, na swichi akataka iwe upande wake, chini kabisa, usiione. Waya wa zamani niliukata. Ndiyo maana hivyo vipya vyako havifanyi kitu."

"Na wewe ukanyamaza muda wote huo?"

"Alinikataza. Mkipita hapa alikuwa ananipungia mkono."

Mzee akaukumbuka mlima. Kila walipofika chini yake, mkewe aliinama kurekebisha kiatu. Kila safari, pale pale. "Bibi wewe, hicho kiatu kitakukaa lini?" alikuwa akimtania. Naye hujibu, "Wewe endesha, kiatu niachie mimi."

"Nikuhamishie upande wako?" fundi akauliza.

"Iache hapo hapo."

"Sawa. Ila ukifika uizime, la sivyo itakula betri."

Jumapili akapakia cherehani nyuma, akaondoka. Chini ya mlima akanyoosha mkono kuitafuta swichi, mkanda ukamzuia. Hakufikia. Akaegesha pembeni, akazunguka, akaketi kwenye kiti cha abiria, ambacho hakuwahi kukikalia tangu alinunue gari. Kutoka pale mshale wa joto ulionekana vizuri kabisa. Alipoteremsha mkono, vidole viliikuta swichi bila kuitafuta, imelainika kwa kushikwashikwa. Akaibonyeza. Feni ikavuma. Akabaki ameketi, akalia jinsi ambavyo hakulia mazikoni.

Mwendesha pikipiki akapunguza mwendo dirishani. "Vipi, mzee? Unamsubiri dereva?"

"Hapana," akasema, akifuta uso. "Dereva ni mimi. Nahamia sasa hivi."

Mlima ukapandwa, mshale haukutoka katikati.

Binti alikuwa getini. Gari lilipozimwa, feni ikaendelea kuvuma peke yake. Yeye akaja mbio, na kwa mazoea akaenda moja kwa moja upande wa abiria, akafungua mlango, kisha akasimama ameushika, anakitazama kiti kitupu.

"Kaa hapo, mwanangu," baba yake akamwambia. "Chini ya dashibodi, karibu na mguu wako, kuna swichi ya mama yako. Nizimie feni."