Kabati la Chumba cha Arobaini na Moja

Kaka yangu hana desturi ya kusifia kitu. Ni fundi cherehani, na mafundi wa aina yake wana ugonjwa wa kuona mshono uliopinda kwenye koti la mtu anayepita upande wa pili wa barabara. Nilipomaliza chuo nilimpelekea cheti, akakigeuza huku na huku, akasema muhuri umekaa upande. Kwa hiyo Jumamosi ile aliposhika kitabu nilichomtengenezea na kusema, "Kizuri," bila kuongeza neno, nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilivimba kichwa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha mchezo. Kwa miaka sita, kila Jumamosi saa tisa alasiri, tumekuwa tukicheza mchezo wa mezani alioutunga mwenyewe. Yeye ni msimulizi. Sisi watatu, yaani mke wake, jirani yao fundi umeme, na mimi, ni wasafiri tuliopotea ndani ya ngome yenye vyumba tisini. Yeye anaeleza tunachokiona, sisi tunasema tunachofanya, na dadu inaamua kama tumefaulu au tumeumia. Kila chumba, kila mlango na kila mtego aliuandika kwa penseli katika madaftari kumi na moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Na ana sharti moja: kilichomo daftarini hakibadilishwi. Mwaka wa pili jirani alikufa mara tatu alasiri moja kwa sababu ya ngazi ileile mbovu, na kaka hakumwonea huruma hata kidogo.

Kisha macho yakaanza kumgeuka. Daktari alisema ukungu utaendelea kuongezeka hata akivaa miwani, labda mwaka huu, labda mwakani, tarehe haijui mtu. Maandishi ya penseli ndiyo yaliyompotea kwanza. Jirani alimshauri arekodi vyumba vyote kwenye simu awe anasikiliza.

"Mimi si redio," kaka alimjibu.

Alitaka kitabu. Alitaka kuisoma ngome yake mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe, mpaka siku yatakapokataa kabisa. Akanikabidhi madaftari kwa sababu nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi.

"Wiki nne zinakutosha, Kiroboto?"

Kiroboto ni mimi. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo kwa sababu sikuweza kumaliza sahani nikiwa nimekaa kiti kimoja. Nikamwambia wiki nne ni nyingi.

Kuyachapa tu kulikula siku kumi, asubuhi kabla ya kufungua duka na saa ya chakula cha mchana. Sasa nilijua siri zote, ikabidi Jumamosi nijitie hamnazo. Mhusika wangu alitumbukia kwenye shimo nililolichapa mwenyewe siku ya Jumanne, na nililalamika kwa uchungu kama wenzangu. Siku hizo kaka alikuwa anasimulia kwa kichwa tu, bila madaftari, akituzungusha katika vyumba anavyovikumbuka vizuri. Aliona aibu.

Ilibaki kupanga kurasa, na hapo ndipo ukiroboto wangu ulipopata uwanja. Nilianza na programu ya kuandikia barua, ile tunayotumia dukani kila siku. Ukiongeza neno moja, ramani inahamia ukurasa mwingine na kuburuta jedwali la silaha. Siku ya tatu nikaiacha. Nikaenda kwenye ile ya mtandaoni ya kutengenezea kadi za mialiko. Ilinipa mapambo mazuri sana mpaka ukurasa wa thelathini, kisha ikawa kila nikibonyeza, nasubiri, na mimi sikuumbwa kusubiri. Nikahamia ya wakubwa, wanayotumia wapangaji wa magazeti. Humo maneno yanakaa ndani ya visanduku, na yakizidi kisanduku, yanafichwa, kinabaki kialama chekundu kwenye kona kukujulisha. Kufikia Ijumaa nilikuwa na vialama vyekundu arobaini na sita. Nikaifunga kwa hasira, kama mtu anayefunga mlango wa jirani mgomvi.

Usiku sikulala vizuri, mchana nilihudumia wateja huku nikitazama mafunzo kwa jicho moja. Bosi wangu, mama mtulivu asiyejua kukaripia, aliniuliza kwa nini cheti cha kuzaliwa cha mteja kimetoka na pambo la majoka pembeni.

Wiki ya tatu wifi yangu alipita dukani. Hakuwa na cha kuchapa.

"Umefika wapi, wifi?"

"Nachagua programu."

"Bado unachagua?"

"Nataka kiwe kizuri. Kimoja tu maishani, kiwe kizuri."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akapanga funguo zake mapajani. "Jana ameshona mfuko wa shati kichwa chini," alisema. "Mteja ndiye aliyeona. Kaka yako akasema ni mtindo mpya, tukacheka. Halafu akaingia chumbani, akakaa huko mpaka alasiri." Akasimama. "Mimi sizijui hizo programu. Najua tu kwamba anakisubiri."

Alipoondoka niliketi tena mbele ya kompyuta. Nilipaswa kurudi kwenye ile ya barua nimalize kazi. Lakini jioni hiyohiyo nikagundua nyingine, ya alama: unaandika maneno yako na kutia vialama vichache, nyota hapa, mstari pale, nayo inapanga kila kitu yenyewe. Na ilipangaje! Safu mbili kila ukurasa, herufi zenye mikia, na nyuma ya maandishi rangi ya kahawia ya karatasi kuukuu, kana kwamba kitabu kimefukuliwa kwenye sanduku la mfalme. Mate yalinidondoka. Nilifanya kazi siku nne mfululizo bila kuruka popote, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Ijumaa nilikichapa na kukibana kwa waya. Kurasa arobaini na nane.

Basi, Jumamosi kaka akakishika, akakipapasa jalada, akakipeleka karibu na dirisha.

"Kizuri," alisema.

Jirani alipiga makofi. Nikajiona fundi kuliko mafundi wote.

Tukaanza. Kaka alikaa mahali pake, nyuma ya kipande cha kadibodi kinachotuzuia tusichungulie, mimi nikiwa ubavuni mwake. Alifungua kitabu, akaweka kidole ukurasani, akatuingiza chumba cha arobaini na moja bila kukwama: zulia lililoungua, saa isiyo na mishale, kabati kubwa ukutani. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. Tulikuwa tumepita chumba hicho mara tano katika miaka sita, na kila mara tulikimbilia saa.

"Mimi leo nafungua kabati," wifi alisema.

Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikauma ulimi. Nililichapa kabati hilo mwenyewe. Ndani yake mna sindano inayofumua ukuta wowote, na bila sindano hiyo hakuna msafiri anayeweza kuingia chumba cha tisini, cha mwisho. Kaka aliificha hapo tangu daftari la tatu. Kwa miaka yote hiyo ilikuwa inasubiri mtu mmoja tu afungue.

Aliinamisha kichwa juu ya kitabu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akafunua ukurasa, akaurudisha. Akainua kichwa.

"Tupu," alisema. "Kabati ni tupu."

Nikatupa jicho kwenye kitabu. Kilikuwa kimefunguliwa kwenye jedwali la silaha.

Sikumbuki nilichofanya na zamu yangu. Wenzangu walipotoka uani kunyoosha miguu, nilibaki naye mezani.

"Kaka, unaona nini hapa?"

"Kitabu."

"Niambie ukweli."

Alipitisha kiganja juu ya ukurasa. "Naona rangi ya chai," alisema. "Na juu ya chai kuna sisimizi. Cha kabatini nilikiandika zamani mno, sikikumbuki."

"Kwa nini ukasema kizuri?"

"Umehangaika nacho mwezi mzima, Kiroboto. Nikadhani nikisema kibaya utavunjika moyo, na mimi sina mwezi mwingine wa kusubiri."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kunidanganya, kisha hasira ikageuka na kunikalia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimetengeneza kitabu cha mtu mwenye macho mazima. Nilitengeneza kitabu changu. Mwezi mzima nilibadilisha programu nne na sikumuuliza hata mara moja anaona herufi ya ukubwa gani. Yeye hajawahi kukata kitambaa cha mtu kabla ya kumpima.

Jumatatu mchana nilifungua ile ya barua. Nikaandika sentensi moja mara kumi na mbili, kila mstari mkubwa kuliko uliotangulia, nyembamba na nene, nikachapa kwenye karatasi nyeupe na ya manjano. Nikaomba ruhusa kwa bosi, nikaenda nazo kwenye chumba cha ushonaji cha kaka.

"Leo ni zamu yako kupimwa," nilimwambia.

Alicheka, akavua futi yake shingoni akanipa. Nikampima kutoka puani hadi kwenye karatasi: sentimita ishirini na tano, akisogea zaidi mgongo unauma. Nyeupe ilimchoma macho. Manjano ilimtuliza. Herufi zenye mikia aliziita uchafu. Tulifika herufi za ukubwa wa thelathini na mbili, nene, mistari imeachana, akasoma sentensi yote kwa kusitasita, kisha akairudia haraka.

"Hapo," alisema. "Usiende mbali zaidi, utakuwa unapoteza karatasi."

Kila chumba cha ngome kikawa na kurasa zake, mbili au tatu. Bila safu, bila ramani, bila kahawia. Hakuna ramani ya kukimbilia ukurasa mwingine, kwa kuwa hakuna ramani. Kila jioni kabla ya kufunga duka niliona mikono inawasha, inataka kujaribu japo mstari mmoja wa pambo, nikaikalia. Kitabu kilitoka kinene kama tofali, nikakigawa mafungu matatu. Ukikitazama utadhani ni cha watoto wa shule ya awali.

Jumamosi saa tisa kaka aliweka fungu la pili mezani. Hakusema kizuri. Alitafuta ukurasa mwenyewe, akasogeza kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mimi nikachezea dadu mpaka wifi akaninyang'anya. Kisha kaka alikunja uso.

"Kiroboto."

"Naam, kaka."

"Kabati hili lina milango miwili. Wewe umeandika mitatu. Nani alikwambia mitatu?"

Machozi yakanitoka mbele ya watu. Jirani akadhani nimeumia, akamwambia kaka apunguze ukali, ni kosa dogo tu.

"Dogo?" kaka alisema. "Mlango wa tatu utafungukia wapi?" Akainama tena ukurasani, akasoma mpaka chini, kidole kikasimama. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Mke wangu, wiki iliyopita nilikwambia kabati ni tupu. Nilikosea. Rudi ulifungue."

Wifi akarudi, akafungua. Nami nikachukua kalamu na karatasi. Kufikia saa kumi na moja kaka alikuwa amenikamata na makosa kumi na manne, na niliyaandika yote. Nilikuwa naomba kimoyomoyo yawe mengi zaidi.