Chenga kwenye Shavu la Bibi Harusi

Mjini hapa ni mimi peke yangu ninayepiga harusi kwa filamu nyeusi na nyeupe, na nilikuwa najiona hasa. Dawa ya kusafishia filamu ukiitumia nzito, picha hutoka laini. Ukiizidisha maji, chenga husimama, uso ukaonekana kama umenyunyiziwa mchanga. Mimi nilitaka mchanga. Katika warsha moja niliambiwa huo ndio usanii, nikarudi Malindi nikiwadharau wote wenye picha laini.

Basi picha ya Yusra, bibi harusi, niliisafisha kwa dawa sehemu moja, maji sehemu tatu. Ikatundikwa ukumbini kwao. Siku ya pili Bi Muzdalifa akaja kunigongea mlango kwa ngumi. Yeye ndiye somo wa Yusra, kungwi wake, aliyemfungia ndani siku saba akimsugua mwili kwa singo, na jina lake lote limesimama juu ya ngozi za maharusi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umemfanya nini mwanangu? Watu wanakuja kutoa hongera, wanatazama ukuta, wanaguna. Washaanza kusema singo yangu imechuja. Rukaiya keshataka kumtafutia bintiye somo mwengine!"

"Hizo chenga, Bi. Ndiyo sanaa yenyewe. Nimezidisha maji tu."

"Maji?" Akanitazama kama anayemtazama mwizi. "Mie singo naikanda kwa marashi matupu. Mkono wangu haujapata kuzidisha maji!"

Kusema kweli nilimwonea huruma. Jina la miaka thelathini lilikuwa linakwenda kwa sababu ya maringo yangu. Filamu iliyokwisha kusafishwa hairudiwi, lakini nilikuwa na mkanda wa pili, wa asubuhi ile ile, dirisha lile lile. Nikausafisha kwa dawa tupu, usanii wangu nikaumeza.

Jioni nikawawekea picha mezani, yeye na Yusra. Chenga hazionekani. Mwanga wa dirisha umelipiga shavu kutoka ubavuni, na juu ya shavu, wazi kabisa, vipele. Vya kweli, kumi na saba. Poda ilificha wekundu, haikuficha vinundu.

"Nlikwambia siku ya tatu singo inaniwasha," Yusra akasema. "Ukanambia bibi harusi hasemi."

Bi Muzdalifa aliikunja picha mara mbili, akaitia ndani ya buibui.

Kesho yake nikamkuta Bi Muzdalifa ukumbini kwao Yusra, mbele ya ile picha ya ukutani, anawasomesha wanawake.

"Nyinyi hamjui. Hizi ndizo picha za kisasa. Ngozi iliyosuguliwa ikasuguka ndiyo inayotoa chenga namna hii."

Wakaitikia. Rukaiya, aliyekuja na bintiye, alitikisa kichwa kukubali kuliko wote.

"Nadra," Bi Muzdalifa akaniita, "harusi ya binti Rukaiya unapiga wewe. Na maji usiyabanie."

Yusra alinitazama, akingoja niseme kitu. Niliona haya. Nikamwuliza Bi Muzdalifa harusi ni siku gani.