Sebule ya Rubani

Tangu alipostaafu na kununua tela la kuishi, mtaa mzima ulimwita Rubani, naye alidhani ni sifa. Kila asubuhi alitoka na ndoo na kitambaa laini, akalisugua tela lake jeupe mpaka akajiona kidevu ubavuni mwake. Matairi hayakumhusu. Hakuna jirani anayesimama kusifu matairi yenye upepo wa kutosha. Aliyeinama na kipimo cha upepo mapema, mpira ukiwa bado umepoa, alikuwa mkewe, huku Rubani mwenyewe amesimama kando akimweleza mpita njia kwamba chombo kama hiki kinataka matunzo.

Mkewe walimwita Mama Cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye dirisha la kutazama barabara, na wateja walimpitishia nguo hapo hapo dirishani wakamwongezea na umbea. Chumba hicho ndicho kilichokuwa hatarini, maana Rubani alitaka kuiuza nyumba.

"Tutaishi juu ya magurudumu, mama," alisema. "Asubuhi ziwani, jioni milimani."

"Na wateja wangu?"

"Watakufuata."

"Milimani?"

Rubani hakuwa na muda wa kujibu watu wasioona mbali. Walipozidi kununiana, watoto wao wakubwa waliwakalisha chini na kuwapatanisha. Wazee wangekwenda na tela kwa dada yake Mama Cherehani. Wakifika bila tatizo, mama angekubali nyumba iuzwe. Wakipata tatizo, lingeuzwa tela, na habari za milimani zisisikike tena.

Asubuhi ya safari wakapakia. Tela lilikuwa na sebule mbele na jiko nyuma, na kwa Rubani mpangilio huo ulitosha kumaliza mjadala. Gunia la mchele, jikoni. Madumu ya maji, jikoni. Sanduku la vifaa, jikoni. Cherehani ya chuma, iliyowatoa jasho wote wawili, jikoni vilevile, ukutani kabisa kwenye mkia wa tela. Mbele alibakisha kochi lenye vitambaa vya kufuma mgongoni, kapeti, meza ya kioo na maua ya plastiki.

"Mgeni akifungua mlango akutane na gunia?" aliuliza, ingawa hakuna aliyembishia. "Kwani hapa ni ghala?"

Mama Cherehani alifungua mdomo. Siku waliyolinunua tela, muuzaji aliwaeleza vizuri tu: mzigo mzito ukae sakafuni, mbele kidogo ya magurudumu, ukiurundika nyuma, mkia utaanza kucheza. Ukicheza, usikanyage breki, toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani usiyumbe. Rubani hakusikia, kwa sababu alikuwa anamweleza muuzaji jinsi ya kuuza matela. Mkewe alisikia kila neno.

Kisha akalitazama dirisha lake, akaufunga mdomo kana kwamba ameshika pini kwa midomo. Tela litikisike kidogo, alijiambia. Litikisike, aaibike, turudi nyumbani.

"Wewe ndiye rubani," alisema.

Yaliyobaki aliyafanya mwenyewe. Alipitisha minyororo ya usalama chini ya kiungio cha gari na tela, akasimama nyuma kukagua taa za breki, akaivuta pini ya chuma ya kiungio kuona kama imefunga. Mumewe alikuwa amekwisha washa gari na anapiga honi.

Barabara ya tambarare ilimpa Rubani kichwa. Aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa dirishani kuwapungia watu ambao hawakumjua. Tela lilikuwa likicheza kidogo kila alipoongeza mwendo. Mama Cherehani aliona kwenye kioo cha pembeni, akanyamaza. Wakafika kwenye mteremko, lori likawapita kwa kasi, na mkia ukaondoka.

Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, na kila uliporudi ulilivuta gari pamoja nao. Rubani akakanyaga breki kwa nguvu zote. Tela likazidi kuwa kichaa.

"Upepo!" alipiga kelele. "Ni upepo!"

"Toa mguu!" Mama Cherehani hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Toa mguu kwenye breki! Usikanyage kitu! Shika usukani, usiupindepinde!"

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Rubani alifanya alichoambiwa bila kuuliza. Tela likayumba, likayumba tena, mteremko ukaanza kulala, mwendo ukapungua. Wakasimama kando ya barabara. Rubani alilaumu upepo, akamlaumu dereva wa lori, akawalaumu waliojenga barabara. Mkewe alipomwona bado ameng'ang'ania usukani wa gari lililokwisha simama, aliona aibu. Alikuwa tayari kuwavunja shingo wote wawili kwa ajili ya dirisha.

"Si upepo," alisema. "Mzigo uko nyuma. Muuzaji alisema, nikasikia, nikanyamaza."

"Ulijua?"

"Nilitaka uaibike. Sikutaka ufe."

"Ungeniambia."

"Ungesikia?"

Rubani akashuka. Walipakua jikoni na kupakia sebuleni, wakihema, bila kusemeshana. Gunia lilikaa juu ya kapeti. Madumu yalibanwa kati ya kochi na ukuta. Cherehani ilifungwa kwa kamba kwenye miguu ya kochi, na meza ya kioo ikapelekwa nyuma pamoja na maua yake. Walipomaliza, Mama Cherehani alinyoosha mkono, na Rubani akampa funguo shingo upande.

Mkewe aliendesha polepole, na tela likamfuata bila kuleta ubishi. Walipokaribia kwa dada yake, Rubani alikuwa amekwisha pona kabisa.

"Umeona lilivyotulia?" alisema. "Tumefika salama. Ule upepo mdogo hauhesabiki. Tukirudi, nyumba sokoni."

Mama Cherehani hakubishana. Moyo ulimwuma, lakini tela lilikuwa limefika kweli, tena yeye mwenyewe ndiye aliyelifikisha.

Dada yake alitoka na majirani nusu ya mtaa. Rubani alishuka akajinyoosha shati, akausukuma mlango wa tela mpaka ukagonga ukuta.

"Karibuni sebuleni!"

Watu wakachungulia.

"Shemeji," dada alisema, "mbona mmeliwekea gunia kapeti?"

"Mizigo inatoka sasa hivi," Rubani alijibu haraka. "Mama, turudishe jikoni."

"Turudishe," mkewe alisema. "Na siku ya kuondoka tuilete tena mbele."

"Halafu?"

"Halafu tukifika tuirudishe. Asubuhi ziwani, jioni milimani. Ila mgeni akitukuta tunajiandaa kuondoka, atakaa juu ya gunia."

Rubani alilitazama gunia, akautazama umati wa mashahidi, akaitazama cherehani iliyofungwa kwenye kochi lake kama mbuzi. Kuhatarisha shingo kulikuwa jambo moja. Mgeni kukalishwa juu ya gunia lilikuwa jambo jingine. Akaufunga mlango taratibu.

"Jamani, hili ni la matembezi tu," aliwatangazia. "Nyumba ni nyumba. Nimemwambia mke wangu tangu mwanzo: huwezi kuuza nyumba ukaenda kukaa kwenye tela. Lakini wanawake!"

Wote wakamgeukia Mama Cherehani. Dada yake, aliyezijua habari zote, alikuwa ameshika kiuno akingoja moto uwake. Mama Cherehani alimtazama mumewe, kifua mbele na shati limelowa jasho, akaona kwamba mara hii anaweza kumnyamazia bila mtu kuumia.

"Ni kweli," alisema, akatia funguo kwenye pochi yake na kuvuta zipu. "Alisema tangu mwanzo. Na kurudi naendesha mimi."