Salama ya Kujibiwa

Marvella Stroud alipokuja kuongoza usalama wa mji wetu, hapa kando ya mto Ohio, alikuwa ameshatumikia polisi wa serikali kuu miaka ishirini na minne, akiwinda watoro wa mahakama. Siku ya kwanza alitoa amri moja tu: askari akiitwa kwenye redio, ajibu mwenyewe. Mtu asimjibie mwenzake.

Wanaume walicheka chini chini. Kwetu kujibiana kulikuwa ndio undugu. Mwenzako yuko msalani au anamalizia mkate wake, unamjibia "salama", mambo yanaendelea. Stroud akawaeleza, bila kupaza sauti, jinsi mwenzake alivyoingia nyumba moja kule Missouri, alipoitwa redioni mtu akamjibia kwa wema, kumbe yeye amelala sakafuni dakika arobaini akivuja damu. Kesho yake walikuwa wameshampachika jina: Mama Salama.

Anayewaita askari redioni ni mimi, Darla. Miaka kumi na tisa nakaa mbele ya redio ile, na kikohozi cha kila mmoja wao nakijua.

Alhamisi ile ya Februari, saa tisa na nusu alasiri, theluji ikianguka, Dwight Pruett alifika shamba moja nje ya mji kumpelekea mtu karatasi ya mahakama. Namba yake redioni ni kumi na nne. Zilipopita dakika kumi nikamwita. Kimya. Nikamwita tena.

"Kumi na nne, salama."

Ilikuwa sauti ya Lonnie Haskett, askari mwenzake na shemeji yangu, na nyuma yake vijiko vya mgahawani vikigongana. Mpumbavu yule alikuwa ameshaonywa mara mbili. Ya tatu angefukuzwa kazi, na dada yangu ana mimba ya miezi saba. Nikaandika daftarini: salama.

Stroud alikuwa mlangoni. Sikumsikia akiingia.

"Darla, huyo ni Pruett mwenyewe?"

"Ndiye, afande."

"Mbona sauti nzito?"

"Mafua, afande. Wiki hii wote wanayo."

Akanitazama kidogo, akasema kama ni mimi niliyesema, yeye hana neno. Afadhali angenitukana. Akarudi ofisini kwake.

Nikampigia Lonnie simu aende shambani upesi, maana kutoka pale alipo ni dakika tano. Akacheka, eti Pruett atakuwa anapiga soga na mwenye shamba, si unaujua mdomo wake. Nikamwambia nenda. Akasema anamalizia kahawa.

Dakika kumi nyingine. Nikaita kumi na nne. Safari hii redio ya Pruett mwenyewe ilifunguka. Nikasikia pumzi, na mbwa akibweka mbali.

"Salama," mtu alisema, polepole.

Sauti ile sikuwahi kuisikia maishani mwangu.

Nilimwita Stroud kwa kelele. Akasimama nyuma yangu, akaniambia niite tena, tukaisikia tena. Alituma magari yote kwanza, ndipo akaniuliza.

"Na ile ya mwanzo?"

"Lonnie, afande."

Hakunigombeza. Alichukua koti lake akatoka.

Walimkuta Pruett uani, saa kumi kamili, theluji imeshaanza kumfunika. Daktari alisema baada ya kupigwa risasi aliishi karibu robo saa. Robo saa hiyo mimi nilikuwa kitini pangu, nikimtetea Lonnie.