Ngazi za Kaka

Jengo lile lilikuwa na kamati, kamati ilikuwa na masharti, na hakuna aliyeyachukia masharti hayo kama fundi cherehani wa ghorofa ya juu. Walimkataza kushona asubuhi, eti kwa sababu muuguzi anayeishi chini yake hukesha zamu na hulala mchana. "Cherehani yangu, chumba changu, mguu wangu," alikuwa akisema. "Kila kitu kiwe na mwenyewe, na kila jambo liwe kwa hiari." Aliyasema mpaka wakambandika jina la Hiari, na mwishowe wakachoka, wakamkubalia. Kamati ikavunjwa, vya wote vikagawanywa. Kinyozi alipata paa, muuguzi akapata ua, na ngazi, zilizokuwa mbovu na zisizotakiwa na mtu, zikamwangukia seremala wa chini, kaka yake Hiari. Hiari alimcheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kaka akazitengeneza ngazi vizuri, haki yake apewe. Kisha akaziwekea mlango na ufunguo akautia mfukoni. Wateja wa Hiari walifunguliwa bila neno. Aliyezuiwa ni mmoja tu, fundi bomba mpole aliyefiwa na mke, ambaye siku hizi alikuwa akipanda na mkoba wake hata pale bomba lisipovuja.

"Simtaki huyo," kaka alisema.

"Kwani anayeolewa ni wewe?"

"Olewa, nani kakukataza? Wewe una hiari ya kumpenda, mimi nina hiari ya kutomfungulia. Ngazi zina mwenyewe. Au somo lako sikulielewa?"

Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko mlango wenyewe. Mtu mzima na akili zake, hana mwenyekiti wa kumsumbua, na hawezi kumkaribisha mwanamume chai chumbani kwake! Enzi za kamati hakuna aliyeuliza nani anapanda. Kinyozi akamshauri ahamie kwa fundi bomba, yaishe. Lakini kwa nini ahame yeye? Alijifunga kibwebwe, akaanza kupiga hodi mlango kwa mlango kuomba ngazi zirudi kuwa za wote.

Kinyozi alikubali papo hapo. Paa lilikuwa lake, lakini kila akitaka kuanika taulo zake huko juu ilibidi amwombe seremala.

Muuguzi alimsikiliza macho yakiwa mekundu. "Nitakuunga mkono, ila masharti yote yarudi. Tangu mvunje kamati sijalala, dada yangu. Unajua mtu asiyelala anavyomdunga mgonjwa sindano?"

Hiari hakuwahi kulifikiria hilo. Aibu ikamshika.

"Hakuna cherehani mpaka saa saba mchana," muuguzi akaongeza.

"Saa sita."

"Saa saba."

"Haya. Saa saba."

Walikutana uani. Kaka alirudia maneno ya dada yake neno kwa neno, na sauti akaiigiza, watu wakacheka. Hiari naye alicheka. Kisha akasimama.

"Niliyasema, na niliyaamini. Nilidhani anayeweza kunibana ni kamati peke yake. Lakini kamati nilikuwa nagombana nayo, napiga kura, naweza hata kuishinda. Wewe kaka nikushinde vipi?"

"Kura zenu hazinihusu. Mali ni yangu."

"Na ua ni wangu," muuguzi akasema taratibu. "Mbao zako zitapita wapi?"



"Mnaona?" Hiari alisema. "Tutafungiana milango mpaka lini?"

Kaka alitazama rundo la mbao zake, akatazama lango la ua. Hatimaye akautoa ufunguo na kuuweka mezani.

Kesho yake asubuhi fundi bomba alikuja. Alimkuta seremala amesimama kwenye ngazi ya kwanza, mikono kifuani, akiwa ameziba njia yote.

"Kaka, sogea," Hiari alisema kutoka juu.

Kaka alimtazama dada yake, kisha akamtazama mgeni. Akasogea. Hakupenda, wala hakuna aliyemtaka apende.