Uani Hapana pa Kugeukia

Kila asubuhi, nilipokuwa nikipuliza mkaa wa chai, baba alipiga mipira kumi isiyokuwapo. Alisimama uani, kati ya ukuta wa choo na kamba ya nguo, akainua fimbo yake kuukuu ya gofu, akaishusha, fyuu, mpaka kumi. Kisha alikunywa chai na kwenda klabuni kwenye kazi yake ya ukedi, kuwabebea wacheza gofu mifuko yao. Miaka kumi na sita hakuiruka hesabu ile.

Siku hiyo alifika saba. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Tarsis, aliingia bila hodi, daftari kwapani.

"Bakili, kadi ya kazi unayo?"

Baba aliegemeza fimbo ukutani. "Shikamoo, mzee," nikasema mimi.

"Marahaba, mwalimu Zamzam. Wewe yako nimeiandika. Namuuliza baba yako."

Kedi hana kadi. Hulipwa na aliyembebea mfuko, basi. Mzee Tarsis akakuna kidevu, nikaona hakulipenda neno alilokuja nalo. "Wasio na kadi wanarudishwa vijijini wakalime. Jumatatu napeleka majina. Fanya mpango, ndugu yangu."

Mpango ulikuwa mmoja tu. Klabu ilitaka kuajiri mwalimu wa gofu kutoka miongoni mwa makedi, wa mshahara na kadi. Jaribio lilikuwa Jumamosi: kila mtu mipira mitatu, na angalau mmoja uvuke mtaro mpana unaokata uwanja. Baba aliujua mchezo ule kuliko wengi aliowabebea mifuko, lakini mpira wake haukuwahi kuuvuka mtaro. Safari hii usipovuka, angerudishwa Nachingwea, ambako hatuna tena mtu. Tangu mama afariki tulikuwa wawili tu katika chumba kile cha Mtaa wa Sikukuu.

Nami nilijua kwa nini hauvuki. Chuoni nilisomea mazoezi ya viungo, na Mwalimu Severine alitufundisha kurusha tufe na kisahani mpaka tukaota. Nguvu haitoki mikononi, alisema. Mguu wa nyuma unasukuma ardhi, kiuno kinageuka kwanza, mabega yanafuata, mikono inakuja mwisho, na kwa kuwa imechelewa inakuja kwa kasi. Baba alipiga kwa mikono peke yake. Kiuno chake kilikaa kama kimetiwa saruji. Nilimtazama siku nyingi kabla sijaelewa. Akigeuka nyuma sana, fimbo inagonga ukuta wa choo. Akimalizia mbele, inanasa kwenye kamba ya nguo. Mwili wake ulikuwa umejifunza kutogeuka, na hata kwenye majani ya klabu, penye nafasi tele, ulibaki mwili wa uani.

Kumweleza ndiyo shida. Nilichezwa unyago nikiwa na miaka kumi na minne. Habari za kiuno nilifundishwa na somo yangu, mlango umefungwa, nikaambiwa neno hilo halitajwi mbele ya baba. Darasani nalitaja mara ishirini kwa siku. Nyumbani ulimi ulikauka.

Alhamisi nilijaribu. "Baba, nguvu inatoka chini."

"Chini wapi?"

"Chini... huku chini."

Akakanyaga udongo kama anayechimbia nguzo, akapiga. Ikawa mbaya zaidi. "Hivi?"

"Ndiyo, baba," nikasema, nikaenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nikiwa nimeinama palepale nikasema, "Labda twende uwanja wa Mnazi Mmoja, kuna nafasi."

"Bila kadi? Mgambo wanikute nazurura na fimbo mkononi, niwaambie nini?"

Ijumaa nilimwendea Mama Mwanamkuu, mjane wa chumba cha mbele, aliyezoea kutaniana na baba. Nilimnong'oneza. Aliachia ungo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kiuno cha Bakili! Nimwambie mimi? Yule si ataona namtaka!"

"Mama, taratibu, atasikia."

"Na asikie! Mwambie mwenyewe, mwalimu. Serikali imekusomesha bure ili unong'one?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilisikia baba akikunja mashati yake mawili upande wa pili wa pazia, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana anafunga safari.

Jumamosi nilisimama na Mama Mwanamkuu nje ya ua wa michongoma, pamoja na jamaa za makedi wengine. Kedi mmoja kijana, Nassibu, alivusha mpira wake wa kwanza, mwili wote ukizunguka kama pia. Kisha wakamwita baba. Mpira wake wa kwanza ulianguka mbali na mtaro. Wa pili ulitumbukia ndani.

"Mzee Bakili, unaua nyoka chooni?" Nassibu akasema, watu wakaangua kicheko. Hakujua alivyokaribia ukweli.

Baba hakucheka. Aliweka mpira wa tatu, akakanyaga chini kama nguzo, jinsi nilivyomfundisha mimi kwa woga wangu. Nikaliona kosa langu limesimama pale majanini, limevaa viatu vya baba.

Mama Mwanamkuu akanibana mkono. "Sema. Jumatatu utamwambia nani?"

"Baba!" Sauti ilitoka nyembamba. Katibu wa klabu akainua kichwa kwenye karatasi zake.

Baba akashusha fimbo. "Zamzam? Unasemaje?"

"Kiuno," nikasema.

Kicheko kikapanda upya, mtu akapiga mluzi. Masikio yangu yaliwaka. Baba hakunikaripia. Alitazama nyuma yake, kisha mbele, kama anayetafuta kitu alichozoea kukikuta hapo.

"Sijakusikia, mwanangu. Sema kwa nguvu."

Nikashika miiba ya michongoma kwa mikono yote miwili.

"Kiuno, baba! Kianze kiuno, mikono ije mwisho! Geuka, baba, geuka mpaka mwisho. Hapa hakuna ukuta!"