Nimemzaa Mimi

Nimeishi nchi tatu, na zote zimenihoji. Ya kwanza, tulikozaliwa, iliandika kabila la mtu kwenye kitambulisho, kisha wanaume wenye mapanga wakasimama barabarani kukisoma. Ya pili ilijisifu kwamba haijui kabila. Ukilitaja ofisini ulikemewa, lakini polisi wakipita sokoni walituokota sisi tu, kwa sura, kama mtu anayechagua nyanya. Hii ya tatu inakupa fomu yenye visanduku uweke alama ya vema kwenye kabila lako, eti ili kila kundi lipate haki yake ya nyumba na shule. Haki gani hiyo inayoanza na swali lilelile la wenye mapanga? Mimi visanduku vile viliniogopesha kuliko polisi wa sokoni.

Siku ya mahojiano ya kuomba hifadhi tuliitwa watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, moto haumbabaishi, lakini alitoka chumbani akakaa kwenye benchi bila kunitazama. Nikaingia mimi. Nikajibu yote: nashona mashuka ya hospitali kiwandani, kabila langu hili, la mume wangu lile, ndoa yetu ina miaka tisa, watoto wawili wako shuleni. Afisa, mama mmoja wa miwani, alinishukuru kwa upole mpaka nikazidi kuogopa.

Mama mkwe alipoingia, niliruhusiwa kukaa naye kwa sababu ya presha yake. Mkalimani alisikika kwenye simu iliyowekwa mezani.

"Huyu ni nani wako?"

Mama alinivuta kifuani. "Binti yangu. Nimemzaa mimi."

Lilikuwa jibu la kwenye kizuizi cha barabarani, kule nchi ya kwanza. Mbele ya mapanga alinikumbatia vivyo hivyo, akaapa kwamba mimi ni damu yake, kabila lake, nikapita. Kwa ajili ya mahojiano haya tulimkaririsha tarehe, mitaa, hata namba ya faili. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba lile jibu sasa aliache.

"Na mwanamume aliye nje?"

"Naye nimemzaa mimi. Wote wawili."

Afisa alikata simu ya mkalimani, akanigeukia kwa lugha yao, ambayo mimi nimejifunza kiwandani na mama haijui hata salamu.

"Ama umeolewa na kaka yako, ama mmoja wenu amedanganya. Aliyedanganya anarudishwa alikotoka."

"Anaogopa tu, bosi. Kule jibu hili ndilo lililoniokoa."

"Hapa si kule. Ni mama yako au siye?"

Niliwafikiria wanangu darasani. Mama alinitazama mdomoni, akinitingishia kichwa nikubali, kama siku ile.

"Siye," nikasema.

Afisa aliandika mstari mmoja, akamwita mlinzi.

"Wamekuamini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Si unaona! Mambo haya uniachie mimi."

Alinipapasa shavu, akamfuata mlinzi kupitia mlango wa nyuma, kifua mbele, bila hata kuuliza wanakwenda wapi. Mimi nilitokea mlango wa mbele. Mume wangu aliinuka kwenye benchi, akachungulia nyuma yangu, akaniuliza mama yuko wapi.